Shimo Lisiloandikwa Halizibwi

Gari linapopinduka barabarani, watu hukusanyika, majeruhi hupelekwa hospitali, na askari wa usalama barabarani hufungua kitabu chake aandike. Sababu ya ajali, mara nyingi, huandikwa kuwa ni moja kati ya mbili: mwendo wa kasi au uzembe wa dereva. Huenda zote mbili ni kweli. Lakini lile shimo ambalo dereva alikuwa akilikwepa hata akahamia upande wa wenzake, halikuandikwa. Gari limekwisha kuvutwa, damu imekwisha kufunikwa kwa mchanga, shimo lingali pale pale likimngojea mwingine.

Makala haya yanazungumzia mashimo ya barabarani na namna ya kuyatolea taarifa. Yanaelekezwa kwa askari, wa jeshi na wa polisi, kwa sababu hapana mtumishi mwingine wa umma akaaye barabarani usiku na mchana kama wao. Mhandisi huja na kuondoka. Diwani hupita akiwa na haraka. Askari wa zamu husimama mahali pamoja kwa saa nane, akayaona magari yote jinsi yanavyoyumba. Yeye ndiye shahidi wa kwanza, na ushahidi wake una thamani kubwa kuliko adhaniavyo mwenyewe.

NJIA YA LUMBADZI

Kwa mfano tumeichukua njia ya Lumbadzi, katika nchi jirani ya Malawi. Lumbadzi ni mji mdogo ulio kaskazini ya jiji la Lilongwe, karibu na Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kamuzu, pembeni mwa barabara kuu iitwayo M1. Barabara hiyo ndiyo uti wa mgongo wa Malawi. Huanzia Songwe, mpakani mwa Tanzania, hushuka kwa Karonga, Mzuzu na Kasungu, hupita Lumbadzi na kuingia Lilongwe, kisha huendelea kusini kwa Dedza na Blantyre hadi mpaka wa Msumbiji. Malori yatokayo bandari ya Dar es Salaam kwa njia ya Mbeya huishika barabara hii, na madereva wake na matingo wao hukifikisha Kiswahili mpaka katika magenge ya chakula ya Lumbadzi.

Kiswahili hakitoki kwa malori peke yake. Katika wilaya ya Dowa, kaskazini ya Lumbadzi, iko kambi ya wakimbizi ya Dzaleka. Zamani mahali hapo palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa. Mwaka 1994 pakageuzwa kuwa makao ya watu waliokimbia vita na machafuko katika nchi za Maziwa Makuu. Kambi ilikusudiwa kuchukua watu wapatao 10,000 hadi 12,000. Leo wamo zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili ni lugha mojawapo ya soko lao na ya redio yao ya jamii iitwayo Yetu.

Basi mtu akitaka kujua shimo moja linaweza kumdhuru nani, na awatazame wapitao njia hii. Kuna msafara wa jeshi utokao Kamuzu Barracks mjini Lilongwe. Kuna gari la wagonjwa linalomkimbiza mama mjamzito kutoka kambini kwenda hospitali. Kuna lori la shehena lililosafiri mamia ya kilomita, dereva wake amechoka. Kuna mini-basi iliyojaa wachuuzi wa alfajiri. Na pembeni kabisa, bila taa, kuna kijana wa kabaza, yaani mwendesha baiskeli ya kubeba abiria, amempakia mtu nyuma. Lori likiingia shimoni huvunja springi. Kabaza akiingia shimoni huanguka mbele ya lori.

SHIMO HUZALIWAJE

Askari hufundishwa kumjua adui kabla ya kupambana naye. Na tulijue shimo.

Katika nchi za baridi kali, kama Kanada na nchi za kaskazini ya Ulaya, maji huingia katika nyufa za lami na kuganda. Maji yakigeuka barafu hutanuka kwa kadiri ya sehemu 9 katika kila 100, yakainyanyua lami kutoka chini. Barafu ikiyeyuka huacha uwazi, na gurudumu la kwanza likipita lami hudidimia. Lilongwe nako kuna baridi. Jiji liko yapata mita 1,050 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai mlinzi aliye lindoni huhitaji koti zito. Hata hivyo baridi hiyo si ya kuipasua barabara. Adui wa barabara ya Lumbadzi ni wawili: maji ya mvua na uzito wa mizigo.

Mvua za Malawi huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili. Kabla yake jua limekwisha kuikausha lami kwa miezi mingi, ikapoteza ule ulaini wake na kuanza kufanya nyufa nyembamba kama za kigae kikuukuu. Mvua ikinyesha, maji hupenya nyufa hizo na kufika katika tabaka la kokoto na udongo ulioshindiliwa. Tabaka hilo likiwa kavu huwa gumu kama jiwe. Likilowa hulegea kama uji. Kila gurudumu linapopita, maji yaliyonaswa chini husukumwa kwa nguvu na kutoka juu yakiwa yamebeba udongo laini. Ukiona lami yenye nyufa imezungukwa na tope jeupe au jekundu baada ya mvua, fahamu ya kuwa chini yake pamekwisha kuwa patupu. Shimo halijaonekana, lakini limekwisha kuzaliwa.

Hapo ndipo methali ya wahenga inapopata maana yake halisi: usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huzibwa kwa lami kidogo na kazi ya muda mfupi. Shimo huhitaji kuchimbwa, kujazwa na kushindiliwa. Barabara iliyoachwa mpaka mashimo yakaungana huhitaji kujengwa upya kutoka chini, na fedha zake hupatikana baada ya miaka mingi.

Adui wa pili ni uzito, na habari yake inawahusu wanajeshi kwa namna ya pekee. Kati ya mwaka 1958 na 1960, karibu na mji wa Ottawa katika jimbo la Illinois, Marekani, zilijengwa barabara za majaribio, na malori yenye mizigo ya uzito mbalimbali yakaendeshwa juu yake mchana na usiku ili kuona ni mzigo upi unaovunja barabara na kwa kasi gani. Waliokabidhiwa usukani walikuwa askari wa jeshi la Marekani. Jasho la madereva hao lilileta kanuni inayotumiwa na wahandisi duniani kote hata leo: madhara ya ekseli kwa barabara huongezeka kwa takriban kipeo cha nne cha uzito wake. Maana yake ni kwamba ukiuzidisha uzito mara mbili, madhara hayawi mara mbili, huwa yapata mara kumi na sita.

Kwa sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 kuhusu uzito wa magari, ekseli moja yenye matairi manne hairuhusiwi kubeba zaidi ya tani 10. Lori likipitishwa na ekseli ya tani 13, mtu asiyejua hudhani zimezidi tani tatu tu. Kwa kanuni tuliyoitaja, ekseli hiyo huivunja barabara karibu mara tatu ya ile ya tani 10. Askari anayelifumbia macho lori la namna hiyo mizanini, kwa sababu yoyote iwayo, amechimba shimo kwa mkono wake mwenyewe, na huenda siku moja gari la kikosi chake likaingia humo.

NANI MWENYE BARABARA

Taarifa nyingi hupotea kwa kupelekwa kusikohusika. Jambo la kwanza, kwa hiyo, ni kujua barabara ni ya nani.

Nchini Malawi barabara zimegawanywa kwa herufi. M ni barabara kuu, S ni za daraja la pili, T ni za daraja la tatu, na D ni za wilaya. Mitaa ya mijini ina orodha yake. Barabara kuu kama M1 huangaliwa na Mamlaka ya Barabara, na fedha za matengenezo hupitia Mfuko wa Barabara, ambao hukusanya tozo inayolipwa katika kila lita ya mafuta. Vyombo hivyo viwili viliundwa kwa sheria za mwaka 2006. Mitaa ya jiji ni wajibu wa Halmashauri ya Jiji la Lilongwe, na njia za vijijini huangukia halmashauri ya wilaya. Hivyo shimo lililo kwenye M1 hapo Lumbadzi, shimo lililo katika mtaa wa Lilongwe, na korongo lililokatwa na mvua katika njia ya udongo ndani ya Dzaleka, yana wenyewe tofauti, ijapokuwa mwendesha baiskeli mmoja anaweza kuyapita yote kwa siku moja.

Mpango wa namna hiyo uko katika nchi nyingine pia. Tanzania ina TANROADS, iliyoanza mwaka 2000, kwa barabara kuu na za mikoa, na TARURA, iliyoanza mwaka 2017, kwa barabara za mijini na vijijini. Kenya, kwa sheria ya mwaka 2007, iliunda mamlaka tatu: ya barabara kuu, ya barabara za mijini na ya barabara za vijijini; kaunti nazo zina barabara zao. Uganda ilikuwa na mamlaka yake ya barabara za kitaifa, lakini mwaka 2024 ilivunjwa na kazi zake kurudishwa wizarani. Kila kituo cha polisi na kila kambi ya jeshi yafaa iwe na karatasi moja ukutani yenye orodha ya barabara za eneo lake, na mbele ya kila barabara jina la ofisi inayohusika. Karatasi hiyo haigharimu chochote, nayo huokoa wiki nzima ya barua zinazozunguka.

TAARIFA INAYOFAA

Askari akiripoti kwamba “barabara ya Lumbadzi ni mbovu,” amesema kweli, lakini hakumsaidia mtu. Fundi hawezi kupakia lami ndani ya gari akaenda kuitafuta “barabara mbovu.” Kila askari aliyewahi kwenda doria anajua namna ya kuleta habari za adui: wako wangapi, wako wapi, wanafanya nini, wameonekana saa ngapi. Taarifa ya shimo hufuata desturi hiyo hiyo.

Kwanza, mahali. Taja herufi na namba ya barabara, unatoka wapi kwenda wapi, shimo liko upande gani, na umbali kutoka kitu kisichohama, kama vile daraja, nguzo ya kilomita au njiapanda. Mti wa mwembe si alama nzuri, maana waweza kukatwa; duka laweza kubadilishwa rangi.

Pili, ukubwa. Huhitaji futi ya fundi. Pima urefu na upana kwa hatua, na kina kwa buti: je, yafika kisigino, kifundo cha mguu, au inapita? Lakini pima pale tu ambapo magari yamezuiwa na mwenzako anakuangalia. Shimo haliwezi kulipa deni la mguu wako.

Tatu, hatari. Liko kwenye kona, mteremko au mdomo wa daraja? Magari yanahamia upande mwingine ili kulikwepa? Watoto wa shule huvuka hapo? Hili ndilo linalomwonyesha mhandisi kazi ipi itangulie.

Nne, maji. Yamesimama ndani ya shimo? Mtaro wa pembeni umeziba? Kalavati limejaa takataka? Shimo likizibwa na mtaro ukaachwa umeziba, mvua mbili tu zikinyesha litarudi.

Tano, tarehe, saa, jina na cheo cha aliyeona.

Ikiandikwa pamoja, taarifa ya mfano haizidi mistari mitano: “Barabara M1, kutoka Lilongwe kwenda Kasungu, upande wa kushoto, hatua 200 baada ya daraja. Shimo moja, urefu hatua tatu, upana hatua moja na nusu, kina kupita kifundo cha mguu. Magari yanahamia upande wa kulia kwenye mteremko, usiku halionekani. Maji yamesimama, mtaro wa kushoto umeziba kwa udongo. Limeonekana Jumanne saa kumi na mbili asubuhi.” Mwenye kupokea maneno hayo hana la kuuliza isipokuwa aende.

Simu hufaa kwa jambo la dharura, lakini simu peke yake haina kumbukumbu. Ikiisha kupigwa, habari iandikwe katika daftari la kituo, barua ipelekwe, na nakala yenye sahihi ya aliyepokea ihifadhiwe. Baada ya siku saba daftari lifunguliwe tena: shimo limezibwa au bado? Kama bado, barua ya pili itaje tarehe ya ile ya kwanza.

KWA NINI KUANDIKA NI NGUVU

Huenda msomaji akauliza: karatasi itaziba shimo? Haizibi, lakini humwondolea mwenye barabara neno la “sikujua.” Katika Uingereza, sheria ya barabara ya mwaka 1980, kifungu cha 58, inairuhusu mamlaka ya barabara iliyoshtakiwa na mtu aliyeumia kujitetea kwa kuonyesha kwamba ilichukua hadhari iliyostahili. Mojawapo ya mambo ambayo mahakama hutazama ni kama mamlaka ilijua, au ilipaswa kujua, habari za hatari hiyo. Taarifa yenye tarehe, basi, huwa kama shahidi aliyesimama kizimbani.

Waganda walitoa somo jingine. Mwezi Aprili mwaka 2023 mchora katuni na mwalimu wa chuo kikuu, Jimmy Spire Ssentongo, aliwahimiza wananchi kuonyesha hadharani picha za mashimo ya Kampala, wakayaita maonyesho ya mashimo. Picha zilimiminika, kila moja ikitaja mtaa wake. Haukupita muda mrefu, Rais Museveni akaagiza zitolewe shilingi bilioni 6 kwa ajili ya barabara za jiji hilo. Mashimo yalikuwako miaka yote. Lililokuwa jipya ni kwamba yameorodheshwa mahali pamoja, hata hakuna aliyeweza kuyakana.

Kutokana na hayo tunarudi kwenye kitabu cha ajali. Ofisa wa polisi anayeandika “mwendo wa kasi” peke yake, hali mbele yake pana shimo la hatua tatu, amemtendea haki nusu tu marehemu. Aandike yote mawili. Dereva na ajibu kosa lake, na shimo nalo litajwe kwa mahali na kipimo. Ikiwa katika kitabu cha mwaka mmoja mahali pamoja pametajwa mara nne, mkuu wa kituo ana hoja ambayo hakuna ofisi inayoweza kuipuuza kwa urahisi.

Yako pia masikio ya askari. Huko Dzaleka mtu anaweza kuijua hatari fulani ya barabarani, lakini lugha yake ni Kiswahili au Kirundi, na ofisi huandika kwa Kiingereza au Kichewa. Zaidi ya hayo, mwaka 2023 serikali ya Malawi iliwaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi kambini, na si ajabu mtu wa namna hiyo akasita kumkaribia mwenye sare. Askari akimsikiliza kwa upole, akamwandikia maneno yake, atakuwa ameokoa maisha bila kufyatua risasi. Ndivyo ilivyo pia katika kila kituo chenye wageni, katika nchi yoyote.

KABLA FUNDI HAJAFIKA

Kati ya taarifa na kiraka hupita siku. Siku hizo ni za hatari, na askari ana la kufanya.

Desturi ya kutandika matawi barabarani kuonya wanaokuja inajulikana kwa kila dereva. Ni nzuri mchana, iwapo matawi yatawekwa mbali ya kutosha kabla ya shimo, na kuondolewa hatari ikiisha. Mawe hayafai kabisa. Usiku jiwe ni ajali ya pili. Vijana hujaza mashimo kwa udongo na kuwaomba madereva sarafu. Wana nia njema na njaa ya kweli, lakini udongo wa mfinyanzi ukilowa hugeuka tope linaloteleza, na kijana mwenyewe husimama katikati ya magari. Wasifukuzwe kwa fimbo. Waelezwe hatari, waondolewe njiani, na mahali walipokuwa wakijaza paandikwe daftarini, maana wao wamekwisha kuifanya kazi ya upelelezi.

Katika msafara, gari la mbele litaje shimo kwa redio na magari yaongeze nafasi kati yao, ili dereva wa nyuma aone barabara na si bodi ya mwenziwe tu. Mwisho wa safari kila dereva aulizwe: umeona nini njiani? Majibu yaandikwe kabla ya chakula, yangali mabichi kichwani.

Fundi akifika, askari atazame kazi. Kiraka kizuri hukatwa kingo zilizonyooka, pande zikiwa wima. Vitu vilivyolegea na maji huondolewa chini. Kingo hupakwa lami ya maji ili kipya kishikane na cha zamani. Shimo hujazwa kwa tabaka, na kila tabaka hushindiliwa. Lami ikitupwa juu ya maji na kupigwa kwa sepetu, hicho si kiraka, na askari ana haki ya kuandika taarifa ya pili.

Katika miaka ya karibuni M1, kuanzia njiapanda ya uwanja wa ndege kuelekea Kasungu na mbele yake, imekuwa ikitengenezwa upya kwa fedha za Umoja wa Ulaya na benki yake ya uwekezaji. Hiyo ni habari njema, lakini isimlaze mtu. Barabara mpya ndiyo inayostahili jicho kali zaidi, kwa kuwa ufa wake wa kwanza bado ni mdogo na dawa yake bado ni rahisi.

Wakati wa kuanza ni mvua zinapokatika. Katika nyanda za Lilongwe ni mwezi Mei, barabara inapokauka na miezi ya baridi kuwapa mafundi nafasi ya kufanya kazi kabla ya Novemba. Kila nchi ina majira yake. Mkuu wa kituo na awatume askari wawili wenye daftari na kalamu waipitie njia ya eneo lake kwa miguu, kutoka mpaka hadi mpaka. Orodha yao iwe mezani kwa mwenye barabara wiki hiyo hiyo, na nakala yake, yenye sahihi ya aliyeipokea, ibaki kituoni.